Upande wa Kondo Hautabiri Jinsia ya Mtoto

Swali linalorudi kliniki za wajawazito bila kuchoka ni kama kondo la nyuma likionekana kulia katika picha ya ultrasaundi ya wiki ya sita, mtoto ni wa kiume, na likiwa kushoto, ni wa kike. Jibu ni hapana, nalo limetolewa mara nyingi mno bila kusikika.

Dai hilo, linalouzwa mitandaoni kwa jina la nadharia ya Ramzi, hujinadi kwa usahihi wa asilimia 97, ilhali jinsia huamuliwa na mbegu ya baba siku kadhaa kabla kiinitete hakijajipandikiza ukutani mwa mfuko wa uzazi, wala haijulikani njia yoyote ambayo kromosomu Y ingeitumia kuchagua ubavu wa kukaa. Upande wenyewe hautegemeki, kwa sababu kifaa kinapopitishwa juu ya tumbo, kulia kwa mama kwa kawaida huonekana kushoto mwa skrini, na mpimaji huweza kuigeuza picha kwa kitufe kimoja. Wanaobishana hawajaulizana hata ni kulia kwa nani. Tena makondo mengi hukaa mbele au nyuma, ambako nadharia hiyo haina la kusema. Usahihi unaosimuliwa na waliobahatika ni wa sarafu iliyorushwa: kwa kuwa huzaliwa takriban wavulana 105 kwa kila wasichana 100, atakayetabiri mvulana kila mara, bila kuwasha mashine, atapatia mara 51 hivi katika 100.

Uhusiano wa kweli unavutia kuliko uzushi huo. Kondo hujengwa zaidi na seli za kiinitete, si za mama, hivyo la mvulana lina kromosomu XY na la msichana XX, na tofauti za utendaji huanza kabla korodani hazijaumbika. Homoni ya hCG, ile inayotafutwa na kipimo cha mimba, kwa wastani huwa juu kidogo mimba ikiwa ya msichana. Mvulana naye huelekea kujenga uzito mkubwa zaidi kwa kila gramu ya kondo, yaani huishi bila akiba, na hayo ni mojawapo ya maelezo ya kwa nini wavulana huzaliwa njiti zaidi. Huo ni wastani wa makundi, usiomfaa anayetaka kumbashiria mama mmoja.

Anayetaka kujua jinsia asubiri ultrasaundi ya wiki ya 18 hadi 20, au, penye uwezo, apime damu kuanzia wiki ya 10, kwani DNA inayotoka kwenye kondo huelea katika damu ya mama, kama ilivyodhihirika mwaka 1997 mtafiti Dennis Lo na wenzake walipoikuta humo ile ya kromosomu Y. Mahali pa kondo panapostahili kuulizwa ni chini, karibu na mlango wa kizazi, hasa kwa mwenye kovu la upasuaji wa uzazi. Popote kondo lilipo, mjamzito akitokwa damu, au akiumwa kichwa kikali huku macho yakififia, aende hospitali siku hiyohiyo.