Ukuta Ambao Mashine Haiuoni: Rekodi za Mwisho wa Sataranji

Hali iliyozitia aibu injini za sataranji kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile iliyotangazwa mwaka 2017 na taasisi ya Roger Penrose, mwanahisabati wa Uingereza aliyetunukiwa Nobel ya fizikia mwaka 2020. Mweupe ana mfalme na vitunda vinne basi. Mweusi ana malkia, ngome mbili, vitunda vitano na maaskofu watatu, wote wa miraba myeusi. Injini zilipiga hesabu zikampa mweusi ushindi mnono.

Utazame ubao wenyewe. Malkia na ngome zake wamebanwa pembeni na vitunda vyao wenyewe, na mfalme wao hana pa kwenda. Wanaoweza kusogea ni maaskofu peke yao, nao hawagusi mraba mweupe hata mmoja, ambako ndiko viliko vitunda vyote vya mweupe. Basi mfalme mweupe azunguke kwenye miraba myeupe, na mweupe asishawishike kula ngome kwa vitunda vyake, maana akila ukuta unabomoka. Hatua 50 za kila upande zikipita bila kitunda kusogezwa wala kete kuliwa, ni sare. Mchezaji wa kawaida huling'amua hilo upesi.

Injini hupekua hatua baada ya hatua, na kila inapofika humkuta malkia yuleyule na ngome zilezile, ikawahesabu kuwa mali. Kwamba mali hiyo imefungiwa ndani, hesabu hiyo haisemi. Injini za zamani zilikwama hata kwenye jambo ambalo anayeanza hufundishwa mapema: askofu na kitunda cha ukingoni, kona ya kupandia ikiwa ya rangi asiyoigusa askofu huyo. Mfalme wa mpinzani akishaingia kona hiyo, hatoki.

Tiba ikawa majedwali yanayohifadhi jibu la kila hali yenye kete chache. Ya kete saba yalikamilika mwaka 2012 kwenye kompyuta kuu ya Lomonosov, Moscow: terabaiti 140.

Hapo binadamu naye alisutwa. Wachambuzi wa sataranji Kling na Horwitz waliandika mwaka 1851 kwamba farasi akijipanga vizuri huwazuia maaskofu wawili, na kauli yao ikaaminiwa kwa zaidi ya karne. Ken Thompson, mmoja wa waundaji wa Unix, akaonyesha kwa majedwali kama hayo katika miaka ya 1980 kwamba maaskofu hushinda, ingawa huweza kuwachukua hatua 66.

Rekodi ndefu kuliko zote za kete saba ni malkia na kitunda dhidi ya ngome, askofu na farasi: mati baada ya hatua 549. Mezani, kanuni ya hatua 50 ingeugeuza ushindi huo kuwa sare.