London–Paris: angani dakika 50, njiani saa 5

Umbali kati ya London na Paris, ukipimwa kwa mstari ulionyooka, ni kilometa 344 tu, yaani maili 214 hivi. Ndege ya abiria hukaa angani kwa muda wa dakika 50. Hata hivyo, mfanyabiashara anayepanga siku yake kwa hesabu hiyo atachelewa mkutano, na mwekezaji anayenunua hisa kwa kutazama kasi peke yake anaweza kupoteza mtaji.

Ratiba za mashirika ya ndege huonyesha saa 1 na dakika 20 hivi. Muda huo huhesabiwa tangu ndege inapoondoka ilipoegeshwa hadi inaposimama tena, pamoja na foleni ya kuruka. Aidha, saa za Paris zimetangulia za London kwa saa 1. Anayeondoka London saa 2:00 asubuhi atatua Paris saa 4:20 kwa saa za huko. Akirudi saa 11:00 jioni, atatua London saa 11:20. Asidhani kuwa ndege ya jioni ina mbio zaidi.

Viwanja vikubwa vya Heathrow na Charles de Gaulle viko nje ya miji hiyo. Ukijumlisha saa 1 ya kwenda uwanjani, saa 1 na nusu ya ukaguzi na kusubiri, muda wa ratiba, na saa 1 ya kuingia mjini, safari inakaribia saa 5.

Pengo hilo ndilo lililotazamwa na waliojenga handaki la reli chini ya bahari, lenye urefu wa kilometa 50, lililofunguliwa Mei 1994. Treni za Eurostar zilianza kubeba abiria Novemba mwaka huo, kutoka katikati ya mji hadi katikati ya mji, kwa saa 3 hivi. Tangu reli mpya ya Uingereza ikamilike mwaka 2007, safari huchukua saa 2 na dakika 20 hivi.

Kwa upande wa muda, ahadi ilitimia. Kwa upande wa fedha, mambo yalikwenda kombo. Kampuni ya Eurotunnel, mmiliki wa handaki, iliuza hisa zake kwa umma mwaka 1987 kwa pauni 3.50 kila moja, na wananchi wengi wa kawaida, hasa Wafaransa, walinunua. Gharama za ujenzi zilizidi makadirio kwa asilimia 80 hivi. Abiria wa Eurostar waliotarajiwa mwaka wa kwanza walikuwa milioni 15.9, lakini mwaka 1995 walisafiri milioni 2.9 tu. Wenye meli nao walipunguza nauli. Septemba 1995 kampuni ilisimamisha malipo ya riba ya deni lake kubwa. Mwaka 2007 deni lilipunguzwa kwa zaidi ya nusu, na wanahisa wa zamani wakabaki na sehemu ndogo ya kampuni mpya.

Treni ilishinda ndege kwa saa, lakini faida ilikwenda kwa msafiri kabla ya kumfikia mwenye hisa. Anayenunua tiketi ahesabu saa, kuanzia mlangoni hadi mlangoni. Anayenunua hisa za usafiri ahesabu abiria na deni.