Kangaja wa buluu: samaki mdogo, gharama kubwa

MFANYABIASHARA anayefikiria kuingia katika biashara ya samaki wa mapambo wa baharini hana budi kuelewa jambo moja kabla ya kutoa fedha zake: bei ya samaki ni sehemu ndogo tu ya gharama. Mfano mzuri ni kangaja wa buluu, Paracanthurus hepatus kwa jina la kitaalamu, ambaye watoto wengi wanamfahamu kama Dory wa filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003.

Samaki huyu hupatikana kwenye miamba ya matumbawe kuanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Huishi kwa makundi na hula zaidi vijidudu vinavyoelea majini. Dukani mara nyingi huuzwa akiwa na sentimita chache tu, na hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea hesabu. Akitunzwa vyema hukaribia sentimita 30 na huweza kuishi zaidi ya miaka 10.

Wafugaji wazoefu hupendekeza tangi la lita 700 hivi. Tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 200, upana wa 60 na kina cha 60 huchukua lita 720. Maji peke yake yana uzito unaozidi kilo 700, hivyo meza ya kawaida haifai.

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Mteja wa bara atahitaji kilo 25 za chumvi maalumu kujaza tangi hilo mara ya kwanza. Chumvi ya jikoni haifai. Akibadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, atatumia kilo 130 hivi kwa mwaka. Aidha, pampu, taa na vifaa vya kudhibiti joto vikitumia wastani wa wati 200 usiku na mchana, vitakula uniti 144 za umeme kwa siku 30. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, hewa hupungua majini na samaki hufa. Kwa hiyo pampu ya betri au jenereta ihesabiwe kuwa sehemu ya mtaji.

Hasara kubwa zaidi hutokana na haraka. Tangi jipya huhitaji wiki 4 hadi 6 ili bakteria wanaoondoa amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, wazaliane vya kutosha. Kangaja wa buluu pia hushikwa upesi na ugonjwa wa madoa meupe, na mgonjwa mmoja aweza kuambukiza tangi zima. Dawa ni kumtenga kila samaki mpya kwa wiki kadhaa.

Anayetaka kundi atafute tangi kubwa zaidi ya hilo, anunue samaki wadogo wa saizi moja na kuwaingiza kwa wakati mmoja. Katika nafasi finyu hugombana, na kila mmoja ana mwiba mkali kama wembe karibu na mkia.

Kwa upande wa upatikanaji, watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, walifaulu kuwazalisha kwenye matangi mwaka 2016. Hata hivyo, wengi wanaouzwa bado huvuliwa baharini. Katika baadhi ya maeneo ya Asia ya Kusini-Mashariki, wavuvi wamekuwa wakitumia sianidi kuwalewesha samaki. Samaki wa aina hiyo aweza kuonekana mzima dukani, kisha akafa baadaye. Mnunuzi aulize samaki alivuliwaje, na aombe kumwona akila kabla ya kulipa.

Kwa muuzaji, samaki anayekufa baada ya wiki mbili humpotezea mteja. Anayeishi humrudisha mteja dukani kununua chumvi, chakula, mwani mkavu na vipuri vya pampu. Kwa sababu hiyo, anayeanza na mtaji mdogo afadhali auze kangaja wachache kwa wateja wenye matangi yaliyo tayari, kuliko kuagiza maboksi mengi kwa wasio na pa kuwaweka.