Masikio ya Jiwe na Yamini ya Uwongo

Misri ya kale, kwa sisi tuliosomea chuoni juu ya mikeka, ni Firauni tu, yule aliyejiita mola akagharikishwa. Hata hivyo Kurani haikuwatia Wamisri wote kapu moja: yumo mke wa Firauni, na yumo muumini aliyeficha imani yake. Basi leo natafuta habari za mtu wa chini.

Jina lake Neferabu. Alikuwa fundi wa makaburi ya wafalme, akikaa kijiji kiitwacho leo Deir el-Medina, magharibi ya mto Nili, mkabala na Luxor, yapata miaka 3,200 iliyopita. Jiwe lake la chokaa, dogo tu, liko British Museum, London. Upande mmoja ameketi mungu wao Ptah, mbele yake meza ya sadaka; chini Neferabu kapiga magoti, mikono kainua. Pamechongwa masikio manne na macho mawili. Maana yake haitaki mfasiri: asikie, aone. Mawe ya masikio yameokotwa mengi, hasa Memphis kwa Ptah mwenyewe, na mengine hayana kitu ila masikio.

Sanamu ni sanamu, hilo halina mjadala. Lakini geuza jiwe, msomaji, usome nyuma. Neferabu akiri kwamba alikula yamini ya uwongo kwa jina la Ptah, naye akaonyeshwa giza mchana. Awaonya wakubwa kwa wadogo, ajifananisha na mbwa wa njiani.

Giza gani hilo? Wataalamu wabishana. Wako wasemao ni upofu hasa, kwani mafundi wale walichonga ndani ya miamba, kwa mwanga wa taa, vumbi likiwaingia machoni. Mchoraji mmoja wa kijiji hicho hicho alimwandikia mwanawe amletee asali na wanja ajitibu macho. Wengine wasema ni giza la moyo uliotengwa na mola wake. Mimi mtunga mashairi sioni haja ya kuchagua: neno moja laweza kubeba mizigo miwili, na aliyeapa uwongo akajua, yote mawili yampata.

Jiwe lake jingine liko Turin, Italia, alilomchongea Meretseger, mungu wa kike wa mlima ule. Humo asema alikosa, akaadhibiwa, kisha akarehemewa, akaletewa upepo mwanana. Lile la London laishia kwenye kuomba rehema. Halisemi kama alipona.