Vijinyuzi vya Nguo na Maji ya Ufipa

Uwanda wa juu wa Ufipa, ambao Sumbawanga ndio mji wake mkubwa, umeinuka kati ya mabonde mawili yaliyotokana na kupasuka kwa ardhi zama za kale. Magharibi yake liko Ziwa Tanganyika na mashariki yake liko Ziwa Rukwa. Kwa kuwa sehemu kubwa ya uwanda huo imepita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, miezi ya Juni na Julai huja na baridi kali, na hapo wananchi huhitaji masweta, makoti na mablanketi. Mengi ya mavazi hayo hupatikana katika marobota ya mitumba, na mengi yake yamefumwa kwa nyuzi za bandia, hasa poliesta na akriliki.

Nguo hizo ni nafuu, ni nyepesi, na hukauka upesi. Hata hivyo, kila zinapovaliwa na kila zinapofuliwa hupukutika vipande vidogo mno vya nyuzi. Vipande hivyo ndivyo tunavyoviita vijinyuzi. Makala haya yanaeleza asili yake, njia vinayopita hadi kufika katika maziwa yetu, namna ya kuvipima, na hatua ambazo watafiti, mafundi na wananchi wa Rukwa wanaweza kuzichukua kwa pamoja.

Kijinyuzi ni kitu gani?

Nguo yoyote, hata ikiwa laini kiasi gani, ni mkusanyiko wa nyuzi nyembamba zilizosokotwa. Unene wa uzi mmoja wa poliesta huwa aghalabu kati ya maikroni 10 na 20, na maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Nguo inaposuguliwa, ncha za nyuzi hulegea, huchomoza, kisha hukatika. Vitambaa vyenye manyoya, mfano wa yale makoti mepesi ya baridi, hupukutisha zaidi kwa sababu nyuzi zake zimekwanguliwa kiwandani makusudi ili zisimame na kuhifadhi joto.

Pamba, sufu na katani ni mazao ya viumbe hai, na vijidudu vya udongoni vina uwezo wa kuyaozesha. Poliesta, nailoni na akriliki ni plastiki zitokanazo na mafuta ya petroli. Nailoni ilibuniwa nchini Marekani mwaka 1935, na poliesta ilibuniwa Uingereza mwaka 1941. Tangu hapo matumizi yake yameongezeka kupita kiasi: mwaka 1923 hapakuwa na poliesta hata kilo moja duniani, lakini mwaka 2023, katika tani zipatazo milioni 124 za nyuzi zilizotengenezwa ulimwenguni, poliesta peke yake ilifikia asilimia 57. Vijinyuzi vya jamii hii haviozi. Hukatikakatika tu na kuwa vidogo zaidi.

Maji ya Ufipa huenda wapi?

Swali hili ndilo kiini cha suala zima katika mkoa wa Rukwa. Mito ya upande wa magharibi huteremka kwa kasi hadi Ziwa Tanganyika. Mmojawapo ni mto Kalambo ulioko mpakani mwa Tanzania na Zambia, ambao huporomoka zaidi ya mita 200 katika maporomoko yenye jina hilo. Mito ya upande wa mashariki na kusini, ukiwamo Momba, huishia Ziwa Rukwa.

Ziwa Rukwa halina mto wowote unaotoka ndani yake. Maji yake hupungua kwa kugeuka mvuke, na kila kisichoweza kugeuka mvuke hubaki humo. Ndiyo sababu maji ya ziwa hilo yana magadi. Kijinyuzi cha plastiki kikishaingia Rukwa hakina njia ya kutoka. Aidha, ziwa hilo ni la kina kifupi, na upepo huweza kulivuruga tope la chini na kuliinua tena majini, mahali ambapo samaki hutafuta chakula chao.

Ziwa Tanganyika nalo lina mlango mmoja tu, yaani mto Lukuga ulioko Kongo. Kina chake hufikia mita 1,470, na maji yake huchukua karne kadhaa kubadilika. Ziwa la namna hiyo ni sawa na ghala lisilofagiliwa: kila kinachotupwa humo leo kitakutwa na vitukuu vyetu.

Yaliyokwisha kugunduliwa

Mwaka 2004 mwanasayansi Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, pamoja na wenzake, walionyesha kuwa vipande vidogo vya plastiki, vikiwamo vijinyuzi, vimetapakaa katika mchanga wa fukwe na katika maji ya bahari. Mwaka 2016 uchunguzi mwingine wa chuo hicho ulikadiria kuwa kufua kilo 6 za nguo kwa mashine huweza kutoa vijinyuzi zaidi ya 700,000 iwapo ni nguo za akriliki, karibu 500,000 iwapo ni za poliesta, na karibu 138,000 iwapo ni mchanganyiko wa poliesta na pamba.

Afrika Mashariki haikubaki nyuma. Mwaka huo huo wa 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Fares Biginagwa, Bahati Mayoma na wenzao, ambao walichunguza matumbo ya sangara na sato wa Ziwa Victoria walionunuliwa Mwanza. Kati ya samaki 20 wa kila aina, mmoja katika kila watano alithibitika kuwa na plastiki tumboni, na miongoni mwa plastiki zilizotambuliwa ilikuwamo poliesta. Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza wa aina yake katika Maziwa Makuu ya Afrika.

Maji si njia pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 na wataalamu wa Italia na Uingereza ulionyesha kuwa mtu anaweza kupukutisha vijinyuzi vingi zaidi hewani kwa kuvaa tu nguo za poliesta kuliko vile vitokavyo katika kuzifua. Kuhusu afya, jambo lililo wazi zaidi linatoka viwandani: mwaka 1998 madaktari wa Marekani walieleza ugonjwa wa mapafu uliowapata wafanyakazi waliovuta vumbi la nailoni kwa muda mrefu. Kiasi kinachovutwa majumbani ni kidogo mno kikilinganishwa na hicho, lakini mfano huo unatosha kutuonya tusilipuuze jambo hili.

Kufua kwa mikono

Msomaji wa Sumbawanga anaweza kuuliza: mashine za kufulia ziko wapi kwetu? Swali hilo ni la haki, na lina jibu la kisayansi. Watafiti wa China waliotoa matokeo yao mwaka 2023 walilinganisha ufuaji wa mikono na wa mashine kwa kitambaa kile kile cha poliesta tupu. Mashine ilitoa kwa wastani vipande 23,723, na mikono ilitoa 1,853. Desturi yetu, ambayo wengine huidharau kuwa ni ya kizamani, ina nafuu kubwa.

Watafiti hao waligundua pia kwamba nafuu hiyo hupungua nguo inapolowekwa kabla ya kufuliwa, sabuni inapotiwa, na ubao wa kusugulia unapotumiwa. Hapana budi kuongeza jambo la pili, nalo ni mahali maji machafu yanapomwagwa. Maji ya mashine katika miji mikubwa ya nje hupitia mitambo inayonasa sehemu kubwa ya vijinyuzi. Nguo inayofuliwa mtoni huacha vijinyuzi vyake mtoni papo hapo. Beseni likimwagwa uani au shimoni mbali na mto, udongo huvinasa vingi kabla havijafika majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilikwisha kuweka mita 60 kuwa umbali wa kulinda kingo za mito na maziwa dhidi ya shughuli za binadamu zinazoweza kuviharibu. Umbali huo unafaa pia kuwa kipimo cha mfuaji.

Namna ya kupima, na mtego uliomo

Mtu hawezi kupambana na asichokipima. Vifaa vya awali si vigumu kupatikana: chekeche laini, karatasi ya kuchujia, na hadubini ya shule ya sekondari. Tope la ziwa hukorogwa katika maji yenye chumvi nyingi ili plastiki ielee na mchanga uzame.

Hapo ndipo penye mtego. Maji yaliyoshiba chumvi ya kawaida yana uzito wa gramu 1.2 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Poliesta ina uzito wa gramu 1.38, kwa hiyo huzama pamoja na mchanga. Mpimaji anayetumia chumvi ya mezani ataona vipande vya mifuko, na ataikosa kabisa ile poliesta aliyokuwa akiitafuta. Hulazimu kutumia chumvi nzito zaidi, kwa mfano kloridi ya zinki, ambayo yenyewe ni sumu na haifai kumwagwa ovyo.

Mtego wa pili ni nguo za mpimaji mwenyewe. Sweta la akriliki laweza kumwaga vijinyuzi ndani ya chombo na kuharibu matokeo. Kwa ajili hiyo watafiti huvaa makoti ya pamba yenye rangi inayotambulika, na huweka kando chombo cha maji safi ili kuona ni vijinyuzi vingapi vimeanguka kutoka hewani. Hatimaye kila kijinyuzi hutambuliwa kwa mtambo wa miali ya joto isiyoonekana kwa macho, kwa kuwa macho peke yake hayawezi kutenganisha poliesta na pamba iliyotiwa rangi.

Tofauti hiyo ni kubwa. Uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2020, uliokusanya maji ya bahari sita, uligundua kuwa asilimia 8.2 tu ya vijinyuzi vilivyopatikana vilikuwa vya bandia. Vilivyosalia vilikuwa vya mimea na vya manyoya ya wanyama. Kumbe hata pamba, ikishatiwa rangi na dawa nyingi za kiwandani, huweza kudumu majini kwa muda. Kwa hiyo suluhisho halimo katika aina ya uzi peke yake. Limo pia katika namna nguo inavyotengenezwa.

Ufundi wa Ufipa na ubunifu wa kuhuisha

Ubunifu wa kuhuisha ni ule unaoifikiria nguo tangu shambani hadi inaporudi udongoni, ili mwisho wake uongeze rutuba mahali pa kuongeza takataka. Wazo hilo si geni Ufipa. Kwa vizazi vingi wakulima wa huko wamefukia nyasi katika vilima vya udongo viitwavyo intumba, zikaoza, kisha wakautawanya udongo huo uliorutubika na kupanda mazao. Kitambaa cha pamba isiyo na rangi kali kingeweza kuozea humo humo. Cha poliesta kingekutwa kizima msimu baada ya msimu.

Ufumaji nao ulikuwapo. Wasafiri wa karne ya 19, akiwamo Joseph Thomson aliyepita huko mwaka 1880, walikuta watu wa Ufipa na bonde la Rukwa wakisokota pamba na kufuma vitambaa vizito kwa vitanda vya mfumi. Ufundi huo ulififia baada ya nguo za viwandani kutoka nje kuenea kwa bei ndogo.

Je, unaweza kufufuliwa? Kikwazo cha kwanza ni mdudu. Katika maeneo ya kusini mwa nchi kilimo cha pamba kiliwekewa marufuku ili funza mwekundu asivuke na kuingia katika mikoa inayotegemea zao hilo. Mtu yeyote mwenye nia ya kurudisha pamba bondeni hana budi kuanza kwa Bodi ya Pamba na watafiti wa Ukiriguru, asije akaponya ziwa na kuangamiza mashamba ya Shinyanga na Simiyu. Njia iliyo salama kwa sasa ni kuleta nyuzi za pamba zilizokwisha kuchambuliwa, kwani sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania husafirishwa nje ikiwa bado haijafumwa.

Kikwazo cha pili ni bei. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliazimia kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Baada ya shinikizo la kibiashara kutoka Marekani, nchi nyingi ziliregeza azimio hilo. Mwananchi mwenye kipato kidogo hawezi kuambiwa avae baridi. Kwa hiyo ufumaji mpya ungefaa kuanzia palipo na soko la hakika, kama vile mablanketi, shuka za hospitali na sare za shule.

Kushirikiana

Hakuna taasisi moja inayoweza kulibeba jambo hili. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo Kigoma na inawajua samaki. Bodi za maji za mabonde ya Rukwa na Tanganyika zinaijua mito. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina wahandisi wanaoweza kubuni chujio la bei nafuu. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, inaweza kuwakutanisha wote hao na mafundi cherehani wa Sumbawanga, ambao wanazijua nguo kuliko maprofesa. Kwa upande wa nje, Mkataba wa mwaka 2003 wa Ziwa Tanganyika unaziunganisha Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, na ni busara vijinyuzi vipimwe kwa njia moja katika nchi zote nne ili takwimu ziweze kulinganishwa.

Wakati wataalamu wakijipanga, kaya nazo zina sehemu yake. Nguo za bandia zifuliwe pale tu zinapochafuka, zisisuguliwe kupita kiasi, na maji yake yachujwe kwa kitambaa kizito cha pamba kabla ya kumwagwa mbali na mto. Takataka inayobaki juu ya kitambaa hicho ikaushwe na kutupwa pamoja na taka ngumu. Nguo iliyochanika ishonwe, kwa maana nguo inayodumu huchelewesha kununuliwa kwa nyingine.

Kazi ya kwanza katika mkoa ni kuchukua tope la Rukwa na matumbo ya samaki wake, na kuyapima kwa njia sahihi, kila mwaka, mahali pale pale. Ziwa lisilo na mlango wa kutokea linaweka kumbukumbu ya yote tunayolipelekea. Inafaa tuisome mapema.