Akiba ya kwanza iende jikoni

Anayenunua mkaa kwa kisado kila siku hulipa zaidi kuliko jirani anayenunua gunia, na wote wawili wanalijua hilo. Muuza mkaa naye hajamwibia mtu: kanunua gunia, kalipima kwa visado, na tofauti ndiyo ugali wa watoto wake. Ndivyo yalivyo pia mafuta ya kupima, sukari ya robo na sabuni ya kipande. Ajabu ni kwamba bajeti ikizungumzwa redioni, ushauri huanza na soda na safari za baa. Mama lishe anayeishi kwa mauzo ya leo hana soda ya kupunguza.

Tufanye hesabu ya mfano. Wewe weka bei za mtaani kwako. Nyumba inatumia mkaa wa shilingi 2,500 kwa siku, yaani 75,000 kwa siku 30. Tuseme gunia linalotosha siku hizo hizo linauzwa 60,000. Mwenye gunia amebakiwa na 15,000, ambayo ni asilimia 25 ya fedha aliyoweka, tena ndani ya mwezi mmoja. Hatifungani ya miaka 25 ambayo Serikali ya Tanzania ilianza kuiuza mwaka 2021 ilikuja na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka mzima, na hiyo ilihesabiwa kuwa nono. Ndiyo maana nasema akiba ya kwanza ya nyumba kama hii isikimbilie benki.

Lakini gunia peke yake haliachi faida. Wengi hununua moja baada ya kupata fedha ya mkupuo, wakafurahia mwezi bila kununua mkaa, na likiisha wanarudi kwenye kisado. Ile 2,500 ya kila siku haikukaa popote. Iliingia kwenye nauli na vocha. Dawa yake ni nyumba kujiuzia mkaa wake yenyewe: kila asubuhi pima kisado cha siku, funga gunia, na tumbukiza 2,500 kwenye kibubu kana kwamba umetoka dukani. Siku ya thelathini kibubu kina 75,000. Gunia jingine linachukua 60,000, na 15,000 inayobaki inaanza kujenga mtaji wa dumu la mafuta ya kula. Dumu nalo lijiuzie vivyo hivyo.

Usiache kupima. Mkaa ukionekana mwingi, maharage huchemshwa kwa moto wa harusi. Yesim Orhun na Mike Palazzolo, waliochapisha utafiti wao mwaka 2019 kuhusu manunuzi ya kaya za Marekani, walichagua kuangalia karatasi za chooni kwa sababu haziozi na hakuna anayezitumia zaidi kwa vile tu zipo. Waliona kaya za kipato kidogo hazinunui sana pakiti kubwa wala hazisubiri punguzo, lakini mwanzoni mwa mwezi, fedha zikiwa mkononi, zinajitahidi kuwakaribia wenye uwezo. Hesabu kaya hizo zilikuwa zinaijua. Zilichokosa ni fedha ya kutangulia.

Fedha hiyo itoke wapi? Njia nzuri ni zamu yako kwa kijumbe, au siku ya kuvunja kikoba, kabla seti ya makochi haijapita mbele. Mkopo wa simu si haramu kihesabu. M-Shwari ya Kenya, iliyoanza mwaka 2012, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Kwa mkopo wa 60,000 hiyo ni 4,500, na gunia letu la mfano lingekuachia 10,500. Sharti ulipe kwa wakati, na mkopo usigeuke nauli. Mkopo wa kausha damu ni habari nyingine: marejesho ya kila wiki, kwa riba inayomeza faida yote ya gunia na kuanza kula kilichobaki. Huko usikanyage.

Kuhusu kibubu, watu hukidharau bure. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwagawia wanachama wa vikundi vya kupeana fedha magharibi mwa Kenya masanduku ya chuma yenye kufuli, waweke akiba ya mahitaji ya afya. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha waliokaa na ufunguo wao wenyewe walitumia theluthi mbili zaidi kwenye vitu vya kinga kuliko wasiopewa sanduku. Waliopewa sanduku ambalo ufunguo wake ulishikwa na mtu wa mradi hawakufanikiwa kiasi hicho. Mtu anaogopa kufungia fedha ambayo mtoto akiugua usiku hawezi kuigusa. Kwa hiyo kaa na ufunguo wako, ila kipe kibubu jina la kazi yake. Fedha ya gunia ni rahisi kumnyima mwombaji, na mara nyingi mwombaji huyo ni wewe mwenyewe.

Si kila kitu kinafaa kwa jumla. Nyanya zinaoza, unga unaingia wadudu. Umeme wa LUKU ndio kinyume kabisa: mteja wa nyumbani aliye kwenye kundi la matumizi madogo amekuwa akilipa shilingi 100 kwa uniti, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi, na akivuka, za ziada ni 350. Kujaza mita kwa pupa kunamwongezea gharama.

Mpangaji wa chumba kimoja atauliza gunia alilaze wapi. Achangie na mpangaji wa chumba cha pili, nusu kwa nusu, na ugomvi wa vipimo uzuiwe mapema: mmoja agawe mafungu mawili, mwenzake awe wa kwanza kuchagua.