Salamanda na Swali la Mtoto

Watoto wetu wengi wamemwona mjusi akikatika mkia, kisha mkia ule ukaota tena. Hapo ndipo mahali pazuri pa kuanzia tunapotaka kuwajulisha habari za salamanda. Kwa umbo amefanana na mjusi, lakini ukoo wake ni wa chura: hana magamba, na ngozi yake ni laini yenye unyevu. Barani Afrika hupatikana kaskazini tu, kwa hiyo watoto wa Afrika Mashariki humjua kwa picha.

Mashuhuri miongoni mwao ni aksolotli wa Xochimilco, katika Jiji la Mexico, ambaye huishi majini maisha yake yote. Akikatika mguu, ngozi hulifunika jeraha kwa muda wa saa chache. Chini yake seli hukusanyika na kufanya kitu kama chipukizi la mti, na baada ya wiki kadhaa mguu hurudi kamili: mifupa, misuli, neva na vidole, pasipo kovu. Mkia mpya wa mjusi huwa na gegedu badala ya mfupa. Aksolotli huurudisha mfupa wenyewe. Mtaalamu wa Italia, Lazzaro Spallanzani, aliandika juu ya uwezo huu wa salamanda mwaka 1768, na hadi leo wanasayansi wanauchunguza.

Lakini habari hii ikisimuliwa wodini, huenda yumo mtoto aliyekatwa mguu. Naye atauliza: "Na wangu utaota?"

Mhudumu wa afya asilikwepe swali hilo, wala asimpe mtoto tumaini la uongo. Amjibu kwa upole: "Hapana, mwanangu, mguu wa binadamu hauoti tena. Lakini mwili wako unajua mengine. Mfupa uliovunjika huunga, kidonda hujifunga, na ini likikatwa sehemu hukua tena." Kisha amweleze yeye na wazazi wake habari za mguu bandia, mazoezi ya kutembea, na kwamba mguu huo utahitaji kubadilishwa kadiri anavyokua.

Mtoto aliyeambiwa kweli ataweza kumstaajabia salamanda bila kuudharau mwili wake mwenyewe, na siku ya kujifunza kutembea upya hatakuwa anasubiri muujiza. Atakuwa tayari kuanza kazi.